Poshete Bila Disiki

Wote mlionipigia simu wiki zile mbili mkakuta nimezima, na hasa nyinyi wamama wanne ambao nguo za komunyo za watoto wenu ziliwafikia mkononi Jumamosi jioni zikiwa bado na joto la pasi, nawaomba radhi. Sikuwa mgonjwa. Mama yangu pia hakuwa mgonjwa, ingawa nusu ya magharibi ya Uganda inaamini hivyo. Nilikwenda Butembo kutafuta disiki, santuri ya zamani. Mmeniuliza mmoja mmoja imekuwaje, na kusimulia huku nashona kunaharibu mishono, kwa hiyo naandika mara moja, msome wote.

Kabla ya kuondoka

Mnaofika kwangu mnaijua ile picha iliyotundikwa juu ya cherehani, ya kiti chekundu katikati ya shamba la mahindi. Ile ni poshete, ganda la karatasi ngumu la kuhifadhia disiki. Ndani yake hamkuwa na kitu tangu volkano ya 2002.

Disiki yenyewe ilikuwa ya papa, baba yangu mzazi. Alipewa Butembo, siku za kahawa, na Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka lake arudi kwao. Ni roki ya zamani, ya vijana wanne wa Uingereza wenye nywele za kufika mabegani, ambao nasikia walitoa disiki hiyo moja tu kisha wakatawanyika. Watoto wa dada yangu wamewatafuta kwenye simu wakapata nyimbo mbili kati ya nane, tena zimekatwa mwisho. Sisi tulizijua zote nane. Upande wa kwanza unaanza na ngoma peke yake, halafu gitaa linaingia polepole kama mtu aliyechelewa misa. Wimbo wa tatu, papa alituambia, unahusu bei ya kahawa kushuka. Hakujua Kiingereza, na sisi hatukukijua, kwa hiyo hakuna aliyembishia, na mpaka leo nikiukumbuka naona magunia. Ninapenda rumba kama mtu yeyote wa hapa. Lakini disiki ile ndiyo iliyonilea, na hata leo nikishona, mguu wangu kwenye kanyagio unafuata ngoma ya wimbo wa kwanza.

Ilikuwa na kovu. Upande wa pili, wimbo wa pili, sindano ilifika mahali ikaruka nyuma, na mwimbaji akarudia neno lile lile mpaka mtu apige sakafu kwa kisigino. Nyumba yetu ya Birere, hapa hapa Goma, ilikuwa ya mbao, juu mpaka chini, kisigino kimoja kilitosha. Sisi watoto tulikuwa tunagombania zamu.

Siku volkano iliposhuka mjini, kila mtu alinyakua alichoweza. Mama alichukua rozari na sufuria, mdogo wangu Kambale alichukua redio, mimi nikachukua poshete. Tulipofika Gisenyi papa aliifungua mbele ya watu wote. Ilikuwa tupu. Niliokoa ganda nikaacha disiki kwenye mashine, ndivyo tulivyoamini wote. Papa hakunigombeza. Aliingiza mkono ndani mara ya pili, kama vile disiki ingeweza kujificha kwenye kona, kisha akanirudishia. Lakini Kambale alikuwa na miaka kumi na mitano na mdomo usiojua kupumzika, na tangu siku ile jina langu katika ukoo si Kavira tena, ni Poshete. Hata kwenye harusi yangu waliniita hivyo. Nilikuwa nacheka na watu, lakini papa alipokufa bila kuisikia tena disiki yake, jina lile lilianza kuniuma, na liliniuma kweli.

Sasa Kambale anauza mbao Butembo. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti: amepita kwa pikipiki mbele ya karakana ya redio, akasikia ngoma ya wimbo wetu wa kwanza. Alikuwa amebeba mabati, hakuweza kusimama. Kesho yake alirudi, na fundi, muzee mmoja, akakana kabisa kwamba ana disiki. "Kuja na poshete yako, yaya," Kambale alisema, maana mimi ni dada yake mkubwa. "Kama ile disiki ni ya kwetu, inamaanisha ilitoka mu nyumba mbele volkano haijashuka. Basi mimi mwenyewe nitasema mbele ya watu: Kavira hakuacha kitu."

Nilipomwambia mama, ambaye anaishi na mimi, alisema hakuna haja, disiki za zamani ziko nyingi duniani. Akaenda jikoni. Baada ya saa nzima akarudi akasema kwamba kama ninaenda, na yeye anaenda. Ana miaka sabini na minne. Nilibishana naye siku tatu nikashindwa.

Goma mpaka Kiwanja

Barabara ya moja kwa moja kwenda Butembo haipitiki kwa watu kama sisi siku hizi, mnajua. Njia ni kuzunguka: Rutshuru, Kiwanja, Ishasha, kuingia Uganda, kupanda mpaka Kasese, kisha kurudi Kongo kwa mlango wa Kasindi. Mambo ya karatasi nayaruka, yana uchovu wake.

Poshete niliifunga katika kitenge, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaikumbatia kifuani. Mama alibeba jibini ya Masisi na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa sababu kwake kufika Butembo mikono mitupu ni aibu ambayo haifutiki. Tulikuwa hata hatujapita Kibumba wakati mama mmoja kwenye gari alinitazama, akatazama kile kitu bapa kifuani kwangu, akamtazama mama, kisha akainuka akampa mama kiti chake cha dirishani. Niliona ni adabu tu.

Tulipofika Kalengera tairi lilipasuka. Dereva alikuwa na tairi la akiba, ila wenzo wa kuinulia gari alikuwa amemwazima shemeji yake. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu tukila mahindi ya kuchoma. Muuza avoka mmoja alikuja polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ile picha ya hopitali inasema nini? Ni mapafu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitu bapa, kikubwa, kimefungwa vizuri, na mama mzee kando: watu wote garini waliamini nimebeba picha ya eksirei. Nilifungua mdomo nieleze. Mama alinitangulia. Alikohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu, cha kistaarabu. Akapewa avoka mbili za bure, na tangu hapo mpaka Butembo hakukosa kiti cha mbele hata siku moja. Nilimwambia ni dhambi. Akasema yeye hajamwambia mtu neno lolote.

Kiwanja tuliingia mvua ikinyesha, tukalala huko siku mbili maana pikipiki za Ishasha zilikataa matope. Sikujali sana. Maharagwe ya Kiwanja na ndizi zao ningeweza kuyala wiki nzima. Mama ndiye hakutulia. Alikuwa anauliza kila saa kama yule fundi wa Butembo ana jina. Nilimwambia Kambale hakuliuliza. "Hata sura yake hakusema?" Nilimjibu kwamba Kambale hajawahi kutazama sura ya mtu yeyote isipokuwa mwanamke au mdaiwa.

Ishasha mpaka Kasese

Dereva wa pikipiki ya mama aliendesha taratibu sana kwa ajili ya ugonjwa wake, mimi nikafika Ishasha mapema nikamsubiri mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Alitokea amekaa wima kama askofu, rozari mkononi, koti la dereva mabegani.

Upande wa pili gari linapita katikati ya hifadhi ya wanyama. Tembo watano walisimama barabarani wakaamua kwamba hapo ndipo watakapokula. Dereva alizima injini. Kiswahili chetu humo garini hakikumfikia mtu, na lugha yao haikutufikia sisi, basi tulikaa tukitazama matako ya tembo. Mama alinong'ona kwamba hata wao wangeinuka kama wangeambiwa kuna mgonjwa.

Mambo yaligeuka tulipokaribia Kasese. Wakonjo wa huko wanasema Kinande chetu, wao wanakiita kwa jina lao tu, na mama, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu mpakani, aliamka akawa mwenyeji. Kufika stendi alikuwa amejua nani ameoa wapi. Mwanaume mmoja mwenye Biblia alisogea akaomba kuiombea ile picha. Mama alisema haina shida. Nilichoka, nikafungua kitenge nikamwonyesha yote. Aliitazama muda mrefu, kiti chekundu, mahindi, mawingu. Kisha akauliza kwa upole mkubwa kiti hicho kiko sehemu gani ya mwili.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Ilikuwa Jumamosi mchana, gari la kwenda mpakani lilikuwa linajaza watu wa mwisho, na mama akatangaza kwamba anataka kuungama. Nilidhani ni zile avoka. Nikamwambia Butembo kuna mapadri wengi kuliko vinyozi. Alikataa, akasema ni leo, ni hapa, mbele ya padri asiyemjua. Tukatafuta kanisa. Tukakuta foleni. Mama alikaa kwenye kiungamo muda ambao mtu wa umri wake, aliyelala na mimi chumba kimoja miaka sita, hawezi kuwa na dhambi za kuujaza. Gari liliondoka na viti vyetu. Nilikasirika, na sikumficha. Tukalala Kasese, tukala chapati yenye mayai ndani, yeye akala mbili, akaonekana amepungukiwa na mzigo.

Kasindi mpaka Butembo

Kuvuka mpaka na kusikia tena watu wakigombana kwa Kiswahili chetu kulinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Kasindi tulisubiri magari yakusanyike ili yasindikizwe pamoja mpaka Beni, na siku yote ikapita hapo. Vumbi lilikuwa jekundu, zito, likaingia mpaka kwenye meno. Mama alifungua sambaza wa zawadi akawagawia abiria mmoja mmoja, na kila aliyepewa alimtakia kupona.

Mahali fulani baada ya Beni, wakati vilima vinaanza na baridi ile ya kwetu inaingia dirishani, alinishika mkono. Akaniuliza kama jina lile la Poshete linaniuma. Nilisema ndiyo. Nilisema linaniuma kwa sababu ya papa, kwamba kila wakiniita nauona mkono wake ukiingia ndani mara ya pili. Alishika mkono wangu mpaka tukaona taa za Butembo.

Kambale alitupokea na obundu wa moto, ugali wetu wa muhogo, na nyama ya mbuzi. Alinipigia saluti akaniita kwa jina langu, lile la ukoo.

Karakana

Kesho yake asubuhi tulikwenda watatu. Karakana iko katikati ya depo za mbao, chumba kimoja cha sementi, redio mpaka darini, na nje wamama wanauza viazi na maharagwe. Mama alisema anabaki nje kidogo kununua viazi. Mimi na Kambale tukaingia.

Fundi alikuwa muzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nilimwonyesha poshete. Aliitazama, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akasema hana disiki, hajawahi kuwa nayo, mdogo wangu alisikia redio. Nilimsihi. Nilimwambia sikuja kumnyang'anya, nataka kusikia tu, nimetoka Goma kwa ajili hiyo, nimezunguka nchi ya watu. Alitikisa kichwa. Akasema kuna vitu ambavyo si vyake kuvitoa. Nilijua basi kwamba anayo, na kwamba sitaipata, na machozi yakanijia mbele ya watu wazima.

Hapo mama aliingia na viazi vyake kwenye mfuko. Muzee alisimama. Akavua kofia.

"Mama Kavira," alisema. "Matanga imeisha?"

Kambale alinitazama, mimi nikamtazama yeye. Mama aliweka viazi chini.

"Imeisha zamani, Muzee Kakule," alisema. "Ni miye njo sikukuambia."

Nikamkumbuka. Muzee Kakule, fundi redio wa Birere, nyumba tatu kutoka kwetu. Alitoroka volkano akisukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyojaa redio za wateja, na hatukumwona tena.

Mama alikaa kwenye kiti cha wateja akatueleza, akinitazama mimi peke yangu. "Nyanya yenu, mama ya papa yenu, alikuwa amekufa, hata misa ya arobaini ilikuwa haijafika. Muziki haiko mu nyumba ya matanga, mnajua. Na papa yenu kila mangaribi anafunga mulango, anaweka ile disiki pole pole. Majirani walikuwa wanasikia. Nilisikia haya mbele yao. Nikaitoa, nikaacha poshete pale asijue, nikaleta kwa Muzee. Nikamwambia asimupe mutu yeyote, hata bwana yangu, mpaka nije mwenyewe niseme matanga imeisha."

"Kisha volkano," Muzee Kakule alisema.

"Kisha volkano, siku ile ile. Nilifikiri karakana imeungua, na disiki ndani. Papa yenu alililia ile disiki kuliko nyumba. Ningemuambia nini? Volkano ilinisaidia kudanganya. Na wewe Kavira ukabebeshwa."

Nilikasirika. Nasema wazi, kwa sababu baadhi yenu mmeniuliza. Zaidi ya miaka ishirini nimelibeba jina lile, naye alikuwa anapika katika nyumba hiyo hiyo, anasikia, ananyamaza. Nilitaka kusema mambo makubwa. Lakini alikuwa amekaa pale na mikono mapajani, mdogo, amevuka mipaka miwili kuja kusema ukweli ambao angeweza kufa nao. Nikamwuliza tu kama hilo ndilo lililochukua muda wote ule Kasese. Akasema ndiyo, na padri alicheka.

Muzee Kakule naye alikuwa na lake. Aliuliza habari zetu mara moja, baada ya volkano, akaambiwa tumehamia Bukavu, basi akaiweka akasubiri. Miaka yote hiyo hakuipiga hata siku moja, kwa sababu aliambiwa matanga. Mwezi uliopita alimaliza kuunda mashine ya disiki kwa vipuri vyake mwenyewe, na jaribu likamshinda. Aliiweka mara moja tu. Ndiyo siku Kambale alipopita. "Na nimeiharibu," alisema, akitoa disiki kutoka kwenye kitenge na magazeti ya zamani. "Upande wa pili inakwama. Mungu anisamehe, niliachiwa ikiwa nzima."

Mimi na Kambale tuliangua kicheko kwa pamoja. Hatukuweza kumweleza. Tulimwambia aweke tu, upande wa pili, aache iende.

Siwezi kuwaandikia sauti ile. Ilikuwa na mikwaruzo, mashine ilizunguka haraka kidogo, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, gitaa likapanda, nikahesabu kimoyomoyo, na kabla sindano haijafika, kisigino kikapiga sementi kwa nguvu. Hakikuwa changu. Hakikuwa cha Kambale. Alikuwa mama, ambaye siku zote alisema hiyo ni kelele ya wazungu na kwamba yeye hajawahi kuisikiliza.

Lakini sementi si mbao. Sindano iliruka, mwimbaji akarudia neno lake, akarudia tena. Mama akapiga mara ya pili, bure. Basi tukapiga wote watatu, bure. Kambale akatoka mlangoni akawaita wamama wa viazi, na wabeba mbao wawili waliokuwa wanapita, akawaambia wautazame mkono wake, ukishuka wapige chini kwa visigino. Hawakuuliza sababu. Aliushusha mkono, karakana nzima ikatikisika, redio moja ikaanguka kutoka kwenye rafu, na wimbo ukaendelea. Muzee Kakule alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Haijaharibika," alisema. "Kumbe haijaharibika." Alisema hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Na mbele ya watu wale wote, vumbi bado likitoka darini, Kambale alisema alichoahidi: Kavira hakuacha kitu. Wamama wa viazi walinipigia makofi bila kujua kwa nini.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa kwa njia ile ile, na sasa nilikuwa nimebeba poshete yenye kitu ndani. Muzee Kakule alitupa na mashine, akakataa kuongea habari ya malipo. Mama alikohoa tena Kasindi, nikamwacha. Jioni ile ile ya Butembo Kambale alikuwa tayari amesahau ahadi akaniita Poshete, na mimi nikaitika, na nilishangaa kuona jina lile haliumi tena.

Nguo zenu nimemaliza zote, njooni mchukue. Mkitaka kusikia, njooni Jumapili baada ya misa, hapa kwangu upande wa Lac Vert. Nyumba ni ya mbao, sakafu ya mbao. Mama havui viatu vyake vya kanisani siku hiyo. Anavuta kiti karibu na mashine, anageuza uso dirishani kama mtu asiyesikiliza. Wimbo wa pili ukianza, nawaomba kitu kimoja tu, hata ngoma ikiwashika namna gani: msinyanyue mguu. Zamu ni yake.